Barabara ya Karatasi

Huenda baadhi yenu mtanicheka mkisikia kwamba mzee wa umri wangu, mwenye wajukuu saba na mvi hata katika nyusi, amezimaliza jioni za miezi mitatu akikata maboksi ya viatu ili kutengeneza barabara isiyopitwa na mtu wala mnyama. Sitawalaumu. Mke wangu alikwisha kunicheka kabla yenu, na jirani yangu mmoja, mtu wa heshima, aliniuliza mlangoni mwa msikiti kama habari hiyo ni ya kweli. Nalimjibu kuwa ni ya kweli, na kwamba kama ana boksi la viatu asilolihitaji aniletee. Akaniletea mawili.

Mambo yalianza hivi. Mwanangu, afanyaye kazi Doha, alimletea mwanawe, ambaye hukaa nasi hapa Mombasa, zawadi ya garimoshi dogo la umeme: injini moja, mabehewa matatu, na vipande vya reli ambavyo huunganishwa mpaka vikafanya duara refu. Kila kitu chake kimepunguzwa mara 87. Yaani mita moja ya dunia yetu huwa milimita 11 na nusu katika dunia ya garimoshi hilo. Hiki ndicho kipimo kipendwacho zaidi na watu wa reli ndogo. Mjini Hamburg, katika Ujerumani, kuna nyumba iitwayo Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambamo wamejenga miji, milima na hata kiwanja cha ndege kwa kipimo hiki hiki, na watu wazima, tena wenye akili zao timamu, huajiriwa humo. Nalimweleza mke wangu habari hii, lakini haikunifaa kitu.

Siku ya kwanza nalipima upana wa reli zile, nikakuta ni milimita 16 na nusu. Nikazidisha mara 87, nikapata mita 1 na sentimita 43 na nusu, ambayo ndiyo reli mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Reli yetu ya zamani, ile iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ni ya mita moja tu. Kwa kipimo hiki ingekuwa nyembamba, milimita 11 na nusu. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa stesheni katika zile siku ambazo injini kubwa za Garratt, 34 kwa idadi, zililetwa kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Mimi nalitamani garimoshi la baba yangu. Nikaletewa la wajukuu zangu. Haidhuru.

Kwa muda wa wiki moja mtoto alifurahi. Kisha nikamwona amekaa ameshika tama, garimoshi likizunguka na kuzunguka. Nikamwuliza, “Limeharibika?” Akasema, “La, babu. Lakini haliendi mahali.” Neno hili lilikuwa kweli, kwani sakafuni hapakuwa na stesheni wala mji. Ndipo tulipoutoa mlango wa zamani wa stoo, wenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 90, tukaulaza juu ya makasha, tukapigilia reli juu yake. Maduka tuliyafanya kwa viberiti na maboksi ya majani ya chai, na stesheni kwa boksi la dawa ya meno. Kati ya stesheni na safu ya maduka nikaacha nafasi ya milimita 90 kwa ajili ya barabara.

Zipo barabara za kununuliwa, za plastiki na za karatasi zilizopigwa chapa, na ni nzuri. Nalipopiga hesabu ya bei yake pamoja na gharama ya kuzileta, nikaona fedha ile ingetupatia samaki wa wiki nzima. Kutoa samaki wa wiki kwa ajili ya lami ya kuchezea ni israfu isiyo na udhuru, na mtoto akilelewa katika hayo hatajua thamani ya kitu. Wala mtu asidhani kwamba karatasi ni kitu duni kwa kazi hii. Katika Uingereza, mkoa wa Oxfordshire, yamo makumbusho yaitwayo Pendon, yaliyoanzishwa na bwana mmoja wa Australia, Roye England, na nyumba za vijiji zilizomo humo, zisifiwazo kwa uzuri wake, zimejengwa kwa karatasi ngumu na kupakwa rangi kwa subira ya miaka mingi.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwani najua wamo vijana watakaotaka kujaribu. Barabara hukatwa katika boksi la viatu, upande usio na maandishi juu. Barabara ya kweli haikulala sawasawa kama meza. Katikati imeinuka kidogo ili maji ya mvua yashuke kandoni. Basi kwanza gundisha juu ya mbao ukanda mwembamba wa karatasi ya bahasha ukifuata mstari wa katikati, kisha ndipo ulaze karatasi ngumu juu yake na kuzikandamiza kingo zake zishuke. Mwinuko huo hauonekani kwa macho mpaka uweke kigari juu yake, ndipo utakapoona kwamba njia imekuwa njia.

Rangi ndipo watu wengi wakoseapo. Mtu huona kwamba lami ni nyeusi, naye huipaka nyeusi. Lami ni nyeusi siku inapomwagwa. Baada ya hapo jua na vumbi huigeuza kijivu. Nalimtaka mjukuu wangu twende tukaitazame barabara kuu tujue rangi yake hasa. Alikuja, lakini alisimama mbali, mgongo wake ukiwa ukutani mwa duka, na tangu hapo mpaka tuliporudi alinishika kanzu. Wakati ule sikulitia jambo hili maanani. Tulichanganya rangi nyeupe ya ukutani iliyobaki tangu mwezi wa Shaabani, rangi nyeusi kidogo, na kijiko cha jivu la mkaa lililochekechwa kwa kitambaa. Jivu ndilo siri ya kazi, kwa maana huifanya rangi ikwaruze kidogo, ising’ae. Wengine hutumia msasa mwembamba badala ya rangi, nao wafaa, ila viungo vyake huonekana. Kando ya njia tukapaka vumbi, nalo vumbi la Mombasa si jekundu kama la bara. Ni jeupejeupe, la mawe ya matumbawe. Mahali magurudumu yapitapo tukasugua unga wa mkaa kwa kidole.

Barabara ya kwanza iliharibika. Tulipaka rangi juu tu, tukaiacha usiku, na asubuhi tukaikuta imejikunja kama ng’onda. Karatasi ipakwayo upande mmoja huvutwa na upande ule inapokauka. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili, juu na chini, kisha kuilaza chini ya mzigo wa vitabu vizito. Barabara ya pili iliharibika kwa ubahili wangu. Nalikataa kununua gundi, nikapika gundi ya unga wa ngano kama tulivyofanya utotoni kwa tiara. Usiku wa tatu mende walikuja wakala kingo zote upande wa maduka, na mke wangu alitaka mlango wote utupwe nje. Tukanunua chupa ndogo ya gundi nyeupe ya maseremala.

Mahali barabara ikatapo reli pana taabu yake. Karatasi iliyo kati ya reli mbili lazima iwe chini kidogo ya uso wa chuma, nayo iachiwe mfereji wa milimita 2 kila upande ili ukingo wa gurudumu upite. Sisi tuliiacha juu, unene wa ukucha tu. Injini ilipofika hapo magurudumu yaliinuka, umeme ukakatika, ikasimama katikati ya njia kana kwamba inangoja ruhusa. Tuliipiga msasa jioni mbili mpaka ikapita.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Ugumu ulikuja tulipofika kando ya barabara.

Nimesema kwamba nalikuwa nimeacha milimita 90. Katika hizo nalikusudia 70 ziwe za lami, ambazo ni kama mita 6 za dunia yetu, na 20 zilizosalia ziwe vumbi tupu la kusimamishia magari na mikokoteni, kama ilivyo katika njia nyingi za mji huu. Mjukuu wangu akaitazama ile karatasi, akauliza, “Na watu watapita wapi?”

Nikamwambia, “Watapita kandoni, katika vumbi, kama wapitavyo siku zote. Tunatengeneza mji wetu, mwanangu, nao ndivyo ulivyo.”

Akasema, “Sitaki uwe hivyo.”

Nalimweleza, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajiwa, kwamba mtu aigaye kitu lazima aige kama kilivyo, na kwamba huo ndio uaminifu wa fundi. Mpaka leo nadhani ni hoja nzuri. Mtoto hakuijibu. Alitwaa rula na penseli, akapiga mistari miwili, akanionyesha: milimita 17 upande huu, milimita 17 upande huu, na katikati 56 za lami. Nikazidisha. Njia ya miguu ilikuwa na mita 1 na nusu kila upande, na barabara ilikuwa imepungua ikawa haifiki mita 5. Nikasema, “Malori mawili hayatapishana hapa ila kwa shida.”

Akasema, “Basi yataenda polepole.”

Sikuwa na jawabu. Nimesoma mahali pengi kwamba wahandisi wa barabara wanalijua jambo hili, kwamba dereva aonaye njia imembana hupunguza mwendo bila ya kuambiwa. Lakini mtoto huyu hakulisoma popote. Tukakata.

Njia ya miguu tuliifanya kwa majalada ya nyuma ya madaftari ya kuchorea, yenye unene wa karibu milimita 2. Ukingo wa njia ya kweli huwa na kimo cha sentimita 15 hivi, ambazo ni milimita 1 na robo tatu, basi majalada yale yalikuwa kama yameumbwa kwa kazi hiyo. Hupakwa rangi nyeupe iliyotiwa kijivu kidogo na tone la chai ya rangi, kisha, ikiisha kukauka, hukwaruzwa mistari ya mawe kwa kalamu ya wino iliyokwisha, kila baada ya milimita 7, kuwa ni mawe ya sentimita 60. Mawe madogo ya kabro yasijaribiwe. Macho ya mzee hayawezi, na ya kijana yatachoka. Mistari isilingane mno. Hapa na pale jiwe moja na livunjike pembe, kwani hakuna njia isiyo na jiwe lililovunjika.

Kazi ya kukwaruza ni ya polepole, nayo hufanywa kwa kuinamisha kichwa, na huenda ndiyo sababu mtoto aliweza kusema. Miezi miwili kabla ya hapo rafiki yake, waliyekuwa wakienda naye madrasa kila siku baada ya alasiri, aligongwa na pikipiki iliyokuwa ikilikwepa lori na kutoka nje ya lami. Mguu ulivunjika. Sisi nyumbani tulishukuru kwamba wetu alisalimika, tukampa maziwa, na tangu siku ile mimi nikawa nampeleka na kumrudisha. Tulidhani tumekwisha kufanya yatupasayo.

Akiwa bado anakwaruza akanambia kwamba wao walikuwa na zamu. Mmoja hupita upande wa ukuta na mwingine upande wa magari, na kesho hubadilishana. Siku ile zamu ya upande wa magari ilikuwa yake. Lakini palikuwa na dimbwi la maji, naye amevaa viatu vipya vya Idi, na mwenzake malapa, akamwomba wabadilishane. Alisema maneno hayo bila ya kulia. Aliponyamaza aliendelea na mistari yake, na mimi na yangu. Nilitafuta neno la kumwambia na kila nililolipata lilikuwa dogo. Nalimwambia kwamba mwenye kosa ni aliyeendesha, na tena kwamba ajali hutukia kwa kudura ya Mwenyezi Mungu. Alisikiliza kwa adabu. Niliona kwamba hayo amekwisha kujiambia mwenyewe.

Usiku nalilala nikiifikiria ile vumbi ya milimita 20. Sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa kiudhi njiani ni katika imani, nami nimeokota mawe na maganda ya ndizi maisha yangu yote. Lakini katika miaka zaidi ya hamsini ya kupita kandoni mwa barabara hizi sikupata kuuliza, wala kwa mwenyekiti wa mtaa wala kwa mtu yeyote, waendao kwa miguu watapita wapi.

Njia ilipokwisha ikawa haina watu. Vinauzwa visanamu vya watu vya kipimo hicho, na juu ya sanamu wanazuoni wana maneno mengi, ingawa vya watoto kuchezea wengi wao wamevipa ruhusa. Mimi sikuhitaji kuingia humo, kwa sababu bei yake ilimaliza hoja kabla haijafika kwa mashekhe. Mjukuu wangu alikwenda jikoni akarudi na karafuu. Nalicheka, kisha nikaipima. Karafuu nzuri ina milimita 15. Zidisha mara 87, ni mita 1 na sentimita 30, kimo cha mtoto wa miaka minane au tisa, tena ina kichwa na ina mabega. Tukatoboa vitobo kwa sindano, tukazisimamisha mbili mbili, upande wa maduka na upande wa stesheni. Hazikutiwa gundi, kwa kuwa mke wangu alikuwa amezihesabu. Gharama yote, gundi na wembe na rangi nyeusi, ilikuwa shilingi 340.

Jumapili moja rafiki yake aliletwa na mama yake kututazama, akitembelea magongo. Alikaa kitini, akauangalia mji mzima kwa makini kama mkaguzi, akasifu injini, akasifu kivuko. Kisha akaweka kidole ukingoni mwa njia ya miguu akauliza, “Mwenye magongo atapandia wapi?”

Mjukuu wangu alinitazama. Nikatwaa wembe na msasa, na mbele yake tukaukata ukingo mahali pawili, upana wa milimita 12, kiasi cha mita moja, tukafanya mteremko mpaka ukakutana na lami. Ni kazi ya robo saa. Nashangaa haikunijia akilini, mimi ambaye magoti yangu yanaujua kila ukingo wa mji huu.

Tulipokuwa tukingoja rangi ikauke, mjukuu wangu alisema, ghafula, macho yake yakiwa chini, “Siku ile zamu ilikuwa yangu.”

Mwenziwe akasema, “Najua.”

“Nilikuomba kwa sababu ya viatu.”

“Najua. Kwani wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha pikipiki?” Kisha akauliza kama rangi imekauka, na kama sasa aweza kuliendesha yeye garimoshi. Akaliendesha mpaka magharibi, kwa kasi nisiyoipenda, na kwenye kona ya stesheni behewa la mwisho lilianguka mara mbili.

Sasa wanakwenda madrasa pamoja tena, nami nawafuata nyuma hatua kumi hivi, kwa sharti nililopewa kwamba nisiite. Nimemwandikia mwenyekiti wa mtaa barua juu ya njia ile, yenye vipimo, na wazazi kumi na wanne wametia sahihi. Bado twangoja majibu. Ijumaa iliyopita mke wangu alikuja na kibakuli akitaka karafuu zake za pilau. Mjukuu wangu alimpa zote za upande wa maduka, akabakiza mbili upande wa stesheni, karibu na ule mteremko.